Mnaniuliza Butoh Inalipa? Haya, Leo Nawajibu

Habari zenu ndugu zangu. Kila nikiweka video nikicheza butoh, dansi ya jukwaani ya Kijapani, swali ni lile lile: "Dada, hiyo butoh ya kujipaka rangi nyeupe inalipa?" Leo najibu. Na kabla hamjaandika kwamba naringia Japani, au kwamba nalalamika wakati wenzangu hata pasipoti hawana, nisikilizeni kwanza.

Hailipi. Tangu Tatsumi Hijikata, mwanzilishi wake, aipandishe jukwaani mwaka 1959, wengi wamekula kwa kazi nyingine. Wachezaji wake walikuwa wakicheza kwenye kabareti usiku, miili imepakwa rangi ya dhahabu, ndipo zipatikane hela za maonyesho yao wenyewe. Kazuo Ohno, mzee wa butoh ninayempenda kuliko wote, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo shule ya wasichana Yokohama. Onyesho lililompa jina, la kumuenzi mcheza dansi Antonia Mercé, alilicheza 1977 akiwa na miaka 71! Na aliyemwongoza ni Hijikata.

Sasa pesa. Kumbi nyingi ndogo hapa Japani zina kitu kinaitwa noruma: unapewa tiketi uziuze mwenyewe, zikibaki unafidia mfukoni mwako. Mgeni kama mimi nimuuzie nani? Chumba cha mazoezi unalipia, treni unalipia, rangi unanunua. Halafu viza. Nilikuja kwa viza ya shughuli za utamaduni, na hiyo hairuhusu kazi ya malipo mpaka uombe kibali kingine. Mnaoniambia "si ufanye vibarua tu", kibarua bila kibali kinaweza kunirudisha nyumbani. Na ndugu mnaotuma ujumbe wa ada kila mwezi, mniwie radhi, nikikaa kimya sijawatupa.

Ila linaloniuma zaidi si hela. Tulitengeneza onyesho watu watatu: mmoja sauti, mmoja taa, mimi mwili, na wazo langu la mwanamke ambaye ndoo ya maji imeshatuliwa lakini shingo bado imeibeba. Tulihangaika nalo miezi. Bango likatoka na jina moja, si langu. Nikaambiwa ndio utaratibu. Sikubali! Hijikata aliwapa wachezaji maneno na picha, lakini picha haichezi. Mwili wa mchezaji ndio unaoitafuta mpaka iwe dansi. Anayefanya hivyo ni mtunzi pia.

Mbona sirudi? Kwa sababu mle chumbani, mwenzangu akibadilisha mlio, shingo yangu inamjibu kabla sijafikiri. Hilo sijalipata kwenye kazi nyingine yoyote.

Haya ni yangu mimi, mwingine atakuja na yatamnyookea. Wewe kijana unayetaka kuuza kiwanja uje, siwezi kukuamulia. Ila atakayekualika, muulize kwa maandishi: ukumbi analipa nani, tiketi anauza nani, na kwenye bango yataandikwa majina ya nani. Akishajibu yote matatu, ndipo uanze kuhangaikia viza.