Milimita mbili

Wakubwa zangu mliopo, shikamooni. Na ninyi vijana mnaoanza kuziba meno mwaka huu, hamjambo.

Nimekuja na mrija wa soda, sirinji ya kompoziti, dawa ya kuzibia meno inayoiva kwa mwanga, na taa ya bluu ya kuiivishia. Sogeeni karibu. Kipande hiki cha mrija nakijaza dawa mpaka juu, naishindilia hewa isibaki ndani. Naweka ncha ya taa juu yake, sekunde 20. Sasa nauchana mrija kwa wembe. Huku juu gongeni wenyewe: jiwe. Geuzeni upande wa chini. Nikikwangua, dawa inavutika kama bigijii. Naikwangua yote mpaka nifike penye ugumu, kisha napima kilichobaki. Milimita 4 na nusu.

Mtu mwenye haraka atasema taa yake inafika milimita 4 na nusu. Hapana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 kinataka urefu huo tuugawe kwa mbili, kwa kuwa kushika si kuiva. Mwisho wa kipande hiki umeshika, ukucha hauingii, lakini ndani haujaiva. Tukigawa tunapata milimita 2 na kidogo. Ndiyo maana tumefundishwa kuweka tabaka la milimita 2.

Ndani ya dawa nyingi mna kamforokwinoni, chembechembe za rangi ya njano zinazonasa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470 na kuamsha resini, ule utomvu wa dawa, iungane. Mwanga huo kila unavyozama hupungua, kwani vumbi la kioo lililomo kwenye dawa huutawanya, na rangi yenyewe huunywa. Dawa ya rangi iliyokoza huunywa zaidi. Waliozoea amalgamu, ile dawa ya zebaki, hawakuwa na shida hii, maana ile hukauka yenyewe hata gizani. Lakini tangu Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, dunia inaiacha amalgamu hatua kwa hatua, na kazi inahamia kwenye taa.

Sasa niwaambie kilichonipata mimi. Mama mmoja alikuja na gego la chini, limetoboka ubavuni mpaka karibu na ufizi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka tabaka mbili nene, nikawasha taa, nikang'arisha, akaondoka anashukuru. Baada ya miezi minne alirudi ameshika shavu: akitafuna upande ule, anaruka. Nilipofungua, juu palikuwa pagumu kabisa. Chini, ukingoni mwa ufizi, dawa ilibanduka kwenye ncha ya kifaa kama nta ya mshumaa. Jioni ile niliigeuza taa yangu na kuitazama. Kwenye kioo cha ncha kulikuwa na resini iliyokaukia, ukubwa wa punje ya mchele. Sijui nilikuwa nimewazibia wangapi kwa mwanga wa nusu. Jambo hilo bado linaniuma.

Kuna sababu ya pili ya tabaka ambayo vitabu huitaja sana: dawa hujikunja inapoiva, asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake kwa dawa nyingi za leo. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua. Ukipiga udongo mnene kwa mkupuo, ukikauka unapasuka. Ndani ya jino dawa imegandishwa kwa gundi, haina pa kukimbilia, kwa hiyo huvuta kuta za jino au hubanduka. Tundu la juu ya gego ni kama sanduku lisilo na mfuniko: pande tano zimegandishwa, mmoja uko huru. Mtafiti Feilzer na wenzake waliuonyesha uwiano huo wa pande zilizogandishwa kwa zilizo huru mwaka 1987, na ukiwa mkubwa, mvutano nao huwa mkubwa.

Ikadhaniwa basi kwamba tabaka huondoa mvutano. Hapa nataka mwe makini. Mwaka 1996 mtafiti Antheunis Versluis na wenzake walipiga hesabu hizo kwa kompyuta wakapata kinyume: kila tabaka huvuta ukuta ndani kidogo, tabaka linalofuata linakuta tundu limeshapungua, na mwishowe jino linaweza kupindika zaidi kuliko lingejazwa mara moja. Mabishano hayajaisha. Mimi siwafundishi tabaka kama dawa ya mvutano. Nawafundisha kwa sababu ya mwanga, na kwa sababu kipande kidogo unakiona kinavyolala ukutani bila kuacha hewa. Dawa mpya za milimita 4 zinafaa, nami nazitumia, ila zinapitisha mwanga kwa sababu zilitengenezwa hivyo. Msipige milimita 4 kwa dawa ya kawaida.

Kwenye sanduku la ubavuni, yaani tundu la kando ya jino, tabaka la kwanza liwe milimita 1 tu. Pale chini ncha ya taa iko mbali, milimita 6 au 7, na nguvu imeshapungua, kwa hiyo pape sekunde 40. Baada ya hapo egemeza kwa mshazari: kipande upande wa shavu, washa, kipande upande wa ulimi, washa. Usiunganishe kuta mbili kwa kipande kimoja.

Juu ya kila tabaka mtaona utando unaong'aa, unanata. Msiufute kwa spiriti. Hewa ya oksijeni ndiyo imeuzuia usiive, na tabaka linalofuata hushikia hapo. Mate au damu vikigusa, osha, weka asidi upya, weka gundi upya, hata kama mgonjwa anatazama saa. Tabaka la mwisho lifunikeni kwa jeli ya gliserini kabla ya kuwasha mara ya mwisho, ili uso uive.

Niliwaomba mje na taa za vituo vyenu. Zitoeni. Tazameni ncha kwanza, mzifute, kisha kila mmoja achukue mrija mmoja hapa mezani. Nyembe ni tatu, tutapokezana. Andikeni milimita zenu ubaoni, pembeni yake mwandike taa ina umri gani.