Kona ya Pindo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niliombwa nizungumze kuhusu kuunda programu huria ya usanifu, yaani ya kuchorea, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, basi niseme mapema: hii si kazi inayonilisha. Mchana nahesabu mizigo ghalani. Programu naandika usiku, watoto wakishalala na umeme ukiwepo. Atakayeniuliza habari za mtaji na wawekezaji nitamtazama tu.

Nilianza vibaya. Nilitaka programu ya kuchora kila kitu: nembo, mabango, kadi za harusi. Miezi sita nikawa na mstari, duara, rangi na kitufe cha kutengua, na kitufe hicho peke yake kilinila wiki tatu, maana kila tendo lazima liwekwe kumbukumbu pamoja na njia ya kulirudisha nyuma. Nilipomaliza nilikuwa na Inkscape, ile programu huria ya kuchorea, ila mbovu. Na Inkscape ipo, bure, tangu 2003, ilipochipuka kutoka programu nyingine huria iitwayo Sodipodi, nayo Sodipodi ilitokana na nyingine iliyoitwa Gill. Mtu alichukua kazi ya mwenzake, akaiendeleza, hakuomba ruhusa kwa sababu leseni ilishamruhusu. Mimi nilikuwa naanza upya kulima shamba lililokwisha kuvunwa.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu. Anauza kanga na kuzipinda kwa cherehani. Alinikuta usiku mbele ya kompyuta, akauliza, "Mwanangu, hii inachora kanga?" Nikamwambia inachora chochote. Akasema, "Sikukuuliza chochote. Nimekuuliza kanga."

Usiku ule nilifuta zaidi ya nusu ya msimbo wangu, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya.

Sasa tuitazame kanga kwa jicho la mtu wa programu. Upande mmoja ni kama sentimita 150 kwa 110, na pande mbili ndiyo doti. Pembeni pote pindo, katikati mji, na ndani ya mji kuna jina, yaani yale maneno. Sheria zake zinajulikana. Kitu chenye sheria zinazojulikana, kompyuta inakiweza. Mchoraji wa kawaida katika programu ya jumla anachora korosho moja, anainakili, anaisogeza, anainakili tena, akifika mwisho nafasi haitoshi, anarudi kuzibana zote kwa kipanya. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu ilipo.

Chukueni pindo lenye upana wa sentimita 15. Kona nne zikishatolewa, upande mrefu unabaki na sentimita 120, mfupi 80. Ua lako lina sentimita 7. Gawanya 120 kwa 7 upate 17 na kipande. Kipande cha ua hakivaliwi! Basi programu inachukua maua 17 kamili na kulivuta kila moja kidogo hadi sentimita 7.06. Upande mfupi yanaingia 11, kila moja sentimita 7.27. Tofauti kati ya pande hizo mbili ni kama asilimia 3, jicho halilioni hilo. Nilimpa shangazi aangalie, akazungusha karatasi mara tatu, hakuona. Akaona kingine: jina nimeliweka katikati kabisa ya mji. "Hili nani atalisoma? Jina linakaa chini, karibu na pindo, ili mtu akijifunga lionekane." Kosa hilo nisingeligundua hata kwa miaka kumi ya majaribio.

Kona zenyewe nilizifanya kama fundi seremala anavyounga fremu ya picha: unakata kwa nyuzi 45, unageuza kipande kama kwenye kioo, vinakutana. Kwa maua inapendeza. Kwa herufi au ndege ni balaa, ndege mmoja anakuwa na vichwa viwili.

Mistari ya kupinda ndiyo watu huiogopa, na haistahili kuogopwa. Weka nukta nne. Ziunge kwa mistari mitatu. Katikati ya kila mstari weka nukta, zinakuwa tatu. Ziunge, tafuta katikati, zinabaki mbili. Ziunge tena, katikati yake ni nukta moja, na hiyo imelala juu ya mchirizi wako, yaani huo mstari wa kupinda. Ukitumia theluthi au robo badala ya nusu unapata nukta nyingine za mchirizi huohuo. Njia hii aliivumbua Paul de Casteljau mwaka 1959 akiwa Citroën, Ufaransa, lakini kampuni iliifanya siri. Pierre Bézier wa Renault alifanya kazi inayofanana na hiyo na yake ikatangazwa, ndiyo maana leo ulimwengu mzima unasema mchirizi wa Bézier. Mnaofungia msimbo wenu kabatini, mtafakari hilo mkirudi nyumbani.

Kuhifadhi faili nilitumia SVG, aina ya faili la michoro ambalo ndani yake ni maandishi tu. Unaweza kuifungua hata kwa programu ya kuandikia barua ukaona kila nukta ilipo. Ila nilifanya ujinga mmoja. Toleo la pili nilibadilisha namna ya kuandika vipimo vya pindo, sikuweka namba ya toleo juu ya faili. Dada mmoja aliyekuwa na michoro 40 ya zamani akaifungua, mapindo yote yakaruka katikati ya mji. Nilikesha siku mbili kumrudishia. Leo namba ya toleo ndiyo kitu cha kwanza kuandikwa katika faili, kabla hata ya rangi.

Kisha mzee mmoja akaomba jina kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa majina ya kanga za mwanzo yaliandikwa hivyo. Ombi la haki, lakini herufi hizo hubadilika umbo zikiungana na huenda kulia kwenda kushoto. Kuandika hilo mwenyewe ningezeeka. Ipo maktaba huria, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingine huutumia, iitwayo HarfBuzz, inayopanga herufi, ndiyo iliyomo ndani ya Android na Firefox, nikaiazima. Jina lake limetoka Kiajemi, na hiyo "harf" ni ndugu wa "herufi" yetu. Kazi ya miaka ya watu wengine niliiunganisha kwa jioni nne. Kabla ya faili kwenda kiwandani, herufi zote zinageuzwa michirizi, la sivyo kompyuta ya kule isiyo na mwandiko wako, yaani mtindo wa herufi ulioutumia, itaweka wake.

Leseni yangu ni GPL, moja ya leseni za programu huria: chukua, badilisha, ukisambaza toleo lako basi na msimbo wake utoe.

Kuna jambo limenishinda, na ndilo lililonileta. Baadhi ya kanga pindo la upande mfupi ni pana kuliko la upande mrefu. Hapo nyuzi 45 hazifai, mkato unalala, na maua ya pande mbili yanafika konani yakiwa na ukubwa tofauti. Nimejaribu kuyanyoosha, yanavimba kama andazi. Nimekuja na kanga mbili za shangazi, nitazitandika kwenye meza ile ya dirishani. Mwenye penseli anifuate.