Chumvi ya Watu Watatu: kwa nini nawapigia debe ravioli wazazi wa watoto wadogo

(Mhadhara kwa wazazi, Sinza, Dar es Salaam)

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Akina baba mliojibanza kule nyuma, karibuni mbele, hapa hatung'ati. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameshaweka simu mezani saa inakimbia. Basi makundi ya chakula siyarudii, mmeyasikia kliniki kila mlipopeleka mtoto kupimwa uzito. Mimi ni mpishi. Nazungumza sufuria.

Na nikizungumza sufuria huwa naanzia palepale, naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Chumvi.

Kuna nyumba moja Kimara nilialikwa chakula cha jioni. Wengine mmeshasikia habari hii, vumilieni, wenzenu hawajaisikia. Dada wa kazi alibandika maharage mchana, akatia chumvi, kazi yake nzuri tu. Saa mbili usiku mama mwenye nyumba anaingia, katoka kazini, kasimama kwenye mwendokasi njia nzima, hata viatu hajavua. Anafunua sufuria, hamwulizi mtu, anatia chumvi. Mama mkwe yupo, kaja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Na yeye kapita jikoni, kachota kwa mwiko, kaonja kidogo kiganjani, maharage bado yanachemka hata ladha haijatulia. "He! Chakula cha mgonjwa hiki?" Akatia.

Tukakaa mezani. Baba mwenye nyumba akala tonge moja, akanyamaza, akaomba maji. Mimi mgeni, nasema nini? Nikala. Mtoto, mwaka mmoja na nusu, kalishwa kutoka sufuria ileile. Kijiko cha kwanza akatema. Cha pili akageuza uso. Cha tatu akalia, akaletewa juisi ya boksi, akanyamaza. Na hukumu ikatolewa palepale mezani: "Huyu hali maharage. Anachagua sana." Mpaka leo nyumba ile mtoto hapewi maharage. Mtoto hakukataa maharage jamani! Alikataa bahari ya Hindi.

Waingereza katika ushauri wao wa afya wameweka gramu 2 za chumvi kwa siku, mwisho, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Gramu mbili ni pungufu ya nusu kijiko cha chai, na hiyo ni siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, kwenye soseji, kwenye vile vidonge vya supu mnavyovibomolea kwenye mchuzi. Mtu mzima mwenyewe Shirika la Afya Duniani linamtaka asifike gramu 5. Sasa pigeni hesabu ya watu watatu na kila mmoja na mkono wake.

Najua mnachotaka kusema. "Basi mtoto apikiwe chake." Nani apike? Saa mbili usiku, sufuria mbili, mtungi wa gesi mmoja na bei yake mnaijua? Mnaanza Jumatatu kwa bidii, ikifika Jumatano mtoto anakunywa uji usiku kwa sababu uji ni wa haraka. Uji siutukani, nimekuzwa nao. Lakini mtoto wa miaka miwili mwenye meno anayekula uji asubuhi na uji usiku, huyo hafundishwi kula. Anafundishwa kumeza.

Mimi nataka sufuria moja. Ndiyo nikafika kwenye ravioli.

Haya, gunieni, nawasikia. "Sisi na ravioli wapi na wapi, hivyo ni vya Masaki." Hakuna aliyewahi kuidai sambusa hati ya kusafiria. Chapati imetoka India, tambi mnazipika za nazi na sukari Ramadhani nzima, na ndugu zetu Wasomali wanakula pasta ya Kiitaliano kama sisi tunavyokula ugali. Ravioli ni unga wa ngano na yai, vimesukumwa vyembamba, ndani umetia kitu, ukafunga, ukachemsha. Mikono inayosukuma chapati na kufunga sambusa imeshamaliza robo tatu ya somo.

Na sababu yangu si ulimbwende. Sababu yangu ni kwamba ravioli inafungwa. Unapika vya ndani bila chumvi, unafunga, unachemsha kwenye maji yasiyo na chumvi. Sasa bibi na aje kutoka Tanga, afunue sufuria, aonje. Atatia wapi? Pembeni yake anaweza kutia, ndani hafiki! Chumvi, pilipili mbuzi na mbwembwe zote zinakaa kwenye mchuzi wa wakubwa. Waitaliano wenyewe wanatia chumvi kwenye maji ya kuchemshia, kama gramu 10 kwa lita, na ukimpikia mtu mzima wako sawa. Sisi kwa ajili ya mtoto hatutii, basi.

Unga. Kwa watu wanne au watano, gramu 400 za ngano, hii hii ya chapati, na mayai manne. Kipimo cha Waitaliano ndicho hicho, yai moja kwa gramu 100. Mayai yamepanda bei? Tia mawili na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Mafuta usitie, hii si chapati. Kanda dakika kumi kwelikweli, unga uwe laini kama ncha ya sikio, ufunike, uache nusu saa. Msiruke hiyo nusu saa. Unga usiopumzika ukiusukuma unarudi nyuma, mnauchoka, mnaacha mnene, halafu mnasema ravioli ni ngumu.

Manda za sambusa mnazouziwa zimekatwa tayari? Hapana. Manda imeshapitishwa kwenye chuma cha moto. Kwenye mafuta inafaa, kwenye maji inalainika na kuachia.

Vya ndani, hapa sikilizeni, hapa ndipo watu wanaharibu. Lazima viwe vikavu. Chukua mchicha, uchemshe kidogo, uchuje. Mtu anauangalia anasema umechujika. Haujachujika! Utie kwenye kitambaa safi, usokote kama unakamua nguo ya jinzi, maji ya kijani yatoke. Ukidhani yamekwisha, sokota tena, yatatoka mengine. Halafu ukatekate mpaka uwe laini. Mchicha wenye maji unalowanisha unga kutoka ndani, na sufuria ikichemka ravioli zinapasuka, unabaki na supu ya majani.

Jibini ya kuchanganya nao si lazima ununue. Maziwa fresh lita moja na nusu, yachemshe, kamulia malimao mawili, zima moto. Yatakatika mbele ya macho yako. Chuja kwa kitambaa, acha yadondoke nusu saa, unapata kama robo kilo ya jibini laini isiyo na chumvi hata chembe. Zile ngumu, pamoja na za Njombe zinazotengenezwa kwa mtindo wa Kiitaliano, ni nzuri sana ila zina chumvi, kwaruzeni juu ya sahani za wakubwa. Changanya mchicha, jibini, kiini cha yai, kungumanga ukipenda. Na ukija kuiweka mezani na nyanya, mtoto amepata nafaka, maziwa, yai, mboga ya majani na nyanya, makundi matano. Shirika la Afya linataka angalau matano kati ya manane kwa siku. Umeyamaliza kwa sahani moja, na hukufukuzana na mtoto sebuleni.

Boga pia linafaa. Mji wa Mantova, Italia, wanasifika kwa hizo za boga, wao wanachanganya na biskuti za lozi. Sisi tulipike kwa mvuke, tuliponde, tulirudishe kwenye sufuria kavu likauke. Nyama ya kusaga, iive kwanza. Maharage yaliyopondwa, sawa, na yule mtoto wa Kimara ningempa haya haya nione kama hayali.

Sukuma mpaka ukiweka kiganja chini ya unga uone kivuli cha vidole vyako. Kata duara kwa mdomo wa glasi. Kijiko kimoja cha chai katikati, usizidishe, uchoyo hapa ni fadhila. Pakaza maji ukingoni, kunja nusu, toa hewa kwa vidole kuanzia kwenye uvimbe kwenda nje, ndipo ubane kwa uma. Hewa ikibaki ndani, inatanuka kwenye moto, inapasua. Maji yachemke kwa utulivu, yasitibuke. Zikielea, hesabu dakika moja au mbili, opoa kwa mwiko wa matundu, usizimwage kwenye chujio.

Mchuzi ni nyanya, kitunguu, karoti iliyokwaruzwa, mafuta kidogo. Ukiiva, chota wa mtoto kwanza. Kwanza! Halafu ndio chumvi na vingine vyote viingie.

Na ukimpa mtoto, usimpe nzima. Nje inaweza kuwa imepoa unaishika kwa mkono, ndani jibini bado inaunguza. Ikate vipande vinne kwa mkasi wa jikoni, iachwe wazi itoe mvuke, kisha umwekee mbele yake ale mwenyewe. Amekaa, hakimbii. Atachafuka? Atachafuka. Suruali inafuliwa. Simu ya katuni ondoeni, hilo nitalisema siku nyingine maana nikianza hatutoki humu.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Haraka haraka. Mtoto ambaye hajawahi kuonja yai au ngano, mwonjesheni kimoja kimoja siku tofauti kwanza, na mchana, si usiku. Chai ya rangi pamoja na chakula acheni, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, mpeni kipande cha chungwa au papai. Asali ni baada ya mwaka mmoja, hili mnalijua.

Na dada. Naona mnaandika kwa bidii, lakini anayepika hayupo ukumbini, yuko nyumbani na mtoto. Mkifika msimsomee daftari. Jumapili simameni naye jikoni, mpike pamoja, na siku ya kula naye apakuliwe sahani yake hizo hizo. Dada ambaye hajawahi kuionja ataichemsha kama viazi, na kosa si lake.

Kuhifadhi: zipange kwenye sinia lililonyunyizwa unga, zisigusane, zigande kwenye friza, ndipo uzimimine kwenye kopo. Jumatano saa mbili usiku unazitoa zikiwa zimeganda hivyo hivyo, moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, dakika mbili zaidi ya kawaida. Usiziyeyushe kwanza, zitanata ziwe donge moja.

Ndiyo mama, swali. Umeme ukikatika? Swali la kweli hilo. Friza iliyojaa, mlango usifunguliwe, inahimili kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Kile kisanduku kidogo cha juu ndani ya friji msikihesabu, hakifiki huko. Ukikuta zimeanza kulainika na bado ni baridi, usizirudishe kugandisha. Bandika maji, chemsha zote usiku huohuo, waite majirani. Ila chumvi muwe mmekubaliana nani anatia.