Safisha uvungu wa mashine ya majani kabla kutu haijautoboa

Kamwene ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko hapa Mafinga. Jua limetoka baada ya siku tatu za ukungu, na nimelivizia makusudi. Mtaona kwa nini.

Hii mashine ya kukatia majani, ile ya kupanda na kuendesha, imepiga kazi msimu mzima wa mvua. Leo tunashughulika na deki. Siyo ile ya kupiga sakafuni! Nasema hili sinia la chuma linalofunika visu. Ukilitazama kwa juu linang'aa, utadhani la juzi. Subiri tuligeuze.

Kwanza usalama. Egesha sehemu tambarare, zima, toa ufunguo, vuta breki, acha injini ipoe. Kisha chomoa waya wa plagi, ile inayotoa cheche kuwasha injini, na uusogeze mbali na plagi. Vaa glovu ngumu.

Sasa shusha deki mpaka chini kabisa. Kabla hujagusa mkanda unaozungusha visu, toa simu upige picha unavyopita kwenye puli, vile vigurudumu vyake. Mara ya kwanza mimi nilijifanya ninajua, nikamaliza jioni nzima nabahatisha njia ya mkanda. Legeza mkanda, chomoa pini zinazoshikilia deki, iburute itokee ubavuni. Ni nzito, ita mtu akusaidie kuigeuza. Kama yako haitoki kirahisi, inua mbele kwa jeki, lakini weka stendi imara. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini yake ikiwa peke yake.

Haya, sogeza kamera hapa. Umeona? Hili tabaka la kijani lililogeuka jeusi ni majani mabichi ya msimu mzima, yamegandamana kama ugali uliolala sufuriani. Nikibonyeza kwa kidole, maji yanatoka, na mashine haijakata chochote tangu wiki iliyopita! Kwa hiyo bati limelala na kitambaa kibichi siku zote hizo, ndipo kutu inapoanzia. Tena uvungu ukijaa hivi, hewa haizunguki vizuri. Majani hayarushwi nje, yanadondoka mafungu mafungu, nawe unalaumu visu.

Kukwangua natumia kipande cha mwanzi, mwanzi ule ule wa ulanzi, pombe yetu ya huku. Uchonge ncha iwe bapa. Unang'oa uchafu bila kuparua rangi nzima iliyobaki, na unaingia kwenye kona. Brashi ya waya iache kwa ajili ya kutu peke yake.

Visu nimeshavifungua. Bana kisu kwa gogo kisizunguke, ndipo utie spana. Weka alama ya chaki upande unaotazama ardhini, maana kisu kikirudi kichwa chini hakikati, kinachanachana majani.

Maji? Mimi nakwangua kikavu kwanza, halafu napitisha kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukitumia mpira wa maji, usielekeze presha kwenye beringi za visu. Maji yakipenya humo yanasukuma grisi nje, na utasikia beringi zikilia.

Sasa gonga bati kwa mpini wa bisibisi. Sikiliza hapa: ti, ti, ti. Hapa pazima. Hapa pembeni: pwa. Hapo pamelika. Pakitoboka usipake rangi kuficha, peleka kwa fundi wa kuchomelea atie kiraka. Jiwe likirushwa na kisu halizuiwi na rangi.

Kutu iliyobaki ipige brashi ya waya, kisha msasa, ufute vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo. Halafu acha ikauke. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mwaka fulani nilipaka siku ya ukungu, nikajiona mjanja. Baada ya muda rangi ikabambuka yote kama ganda la kitunguu, chini yake kutu mpya. Ndiyo maana leo nimelivizia jua. Na usilete jiko la mkaa kuharakisha, hapa kuna thina na petroli.

Imekauka? Paka redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mkono mwepesi. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba nyembamba. Ukiimwaga nene itachuruzika na kukauka juu tu. Huku kwetu kwenye baridi naacha usiku mzima kati ya kupaka mara moja na nyingine. Usipake kwenye beringi wala matundu ya bolti.

Najua kuna atakayeniambia nipake oili chafu. Hapana, mkuu. Vumbi na majani vitanasa humo vizuri zaidi, na matone yake yanaunguza nyasi ulizozitunza.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Nati za visu kaza kwa kipimo cha kitabu cha mashine, mkanda ufuate picha, waya wa plagi uwe wa mwisho kabisa.

Kuanzia leo, kila ukimaliza kukata na mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, pitisha mwanzi uvunguni kabla majani hayajaganda. Wangu nimeufunga kwa mpira hapa chini ya kiti. Haya, sogeeni nyuma kidogo, nawasha.