Chaki, Upande wa Kilima na Divai ya Mapovu: Mhadhara wa Bukavu

Ndugu zangu, na ninyi mama zetu mliokaa hapo mbele, karibuni. Mvua inapiga bati, kwa hiyo nitapaza sauti. Jinsi mapovu yanavyozaliwa ndani ya chupa tulimaliza mara iliyopita, sirudii. Leo ni udongo.

Hiki ni kipande cha chaki ya ubaoni. Hili ni donge la udongo wetu mwekundu, nimelichota asubuhi kando ya barabara. Tazameni glasi hii. Natumbukiza chaki. Mnaona vipovu vinavyopanda? Hewa inafukuzwa, maji yanachukua nafasi yake. Sasa naitoa, naivunja: katikati imelowa, lakini imebaki ngumu. Haya, donge letu nalo liingie majini. Linamomonyoka, linakuwa uji. Hilo hamhitaji kufundishwa. Kila msimu wa mvua tunaona nyumba zikiteremka pamoja na mlima.

Chaki ya ubaoni si jiwe lenyewe ninalolisema, ila tabia ya kunywa maji ni hiyo. Kule Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, inakotoka divai ya mapovu iitwayo shampeni, sehemu kubwa ya mizabibu maarufu imesimama juu ya mwamba wa chaki, mabaki ya viumbe vidogo vya bahari ya kale. Mita moja ya ujazo ya mwamba huo hubeba lita 300 hadi 400 za maji. Mvua ikizidi, maji yanazama na mizizi haiozi. Jua likikaza, jiwe linayarudisha juu kidogo kidogo, kama mama anayegawa unga mpaka mwisho wa mwezi. Mzabibu haushibi kupita kiasi wala haufi kiu. Zabibu inaiva taratibu na kubaki na uchachu wake. Bila uchachu huo, divai ya mapovu inakuwa soda ya harusini.

Hapa kila mara kuna anayenyoosha mkono: "Mwalimu, wanasema ukinywa shampeni unaonja chaki." Hapana! Nimelisema Goma, nimelisema hapa, nitalisema tena. Mzizi hautafuni jiwe na kulipandisha mpaka kwenye tunda. Jiwe linatawala maji, maji yanatawala mwendo wa kuiva, na mwendo huo ndio unaofika ulimini. Anayeziruka ngazi hizo anatuuzia uchawi, na mkulima hawezi kupalilia uchawi.

Sasa mahali. Champagne iko karibu na nyuzi 49 kaskazini ya ikweta, ukingoni kabisa mwa eneo ambako zabibu inakubali kuiva. Huko upande wa kilima unaamua mengi. Kuna kilima kipana kinaitwa Montagne de Reims. Kijiji cha Verzenay kinatazama kaskazini, kijiji cha Bouzy kinatazama kusini. Vyote vinalima zabibu moja, Pinot Noir, na kati yao ni mwendo mfupi tu. Divai ya Bouzy huwa nene, imejaa, ina utamu wa tunda lililoota jua. Ya Verzenay imekaza, inasimama wima mdomoni. Mtu wa Kabare hashangai: anajua kahawa iliyo upande wa jua la asubuhi haiivi siku moja na ile ya bondeni.

Mtaniambia: makampuni makubwa ya shampeni yanachanganya divai za vijiji vingi, sasa mahali pana faida gani? Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linaloniuma. Ni kweli wanachanganya. Lakini kabla ya hapo kila kijiji, pengine kila shamba, kina pipa lake. Wanaonja, wanaandika, halafu ndipo wanaamua: hii inaleta mwili, hii inaleta ukali, hii ingoje miaka. Wanachanganya wakijua wanachokishika.

Sisi je? Nilisimama siku moja kwenye depo ya mnunuzi mmoja wa kahawa. Magunia ya kisiwa cha Idjwi yalifika kwa mtumbwi, ya Kabare kwa lori. Kijana akafungua yote, akamwaga kwenye turubai moja, akachukua koleo na kuanza kugeuza. Nikaokota punje chache: zingine za kijani safi, za matunda yaliyoiva vizuri, zingine hafifu. Nikauliza ipi ni ya wapi. Akacheka: "Papa, kahawa ni kahawa." Bei moja kwa wote. Mama wa Idjwi aliyechuma matunda mekundu peke yake, mara tatu kwa msimu, alilipwa sawa na aliyekwangua mti mzima siku moja. Nimekasirika mpaka leo.

Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walikasirika hivyohivyo. Wafanyabiashara walikuwa wakiingiza zabibu za mbali na kuuza divai yake kwa jina la Champagne. Maghala yalivunjwa, divai ikamwagwa barabarani, mji wa Aÿ ukawaka moto. Mipaka ya jina hilo ilikuja kutulizwa kwa sheria ya 1927. Sisifii moto. Nasema watu wale walijua kilichoibwa kilikuwa ni mahali.

Kuhusu bonde la Marne, hukohuko Champagne, lenye udongo mzito na baridi ya ghafla, na zabibu ya Meunier inayochelewa kuchipua, itabidi ningoje siku nyingine. Etna ya Italia pia, ambako wanatengeneza divai ya mapovu juu ya mlima wa moto. Watu wa Goma walioniomba hilo wanisamehe. Kwaya inataka ukumbi.

Lakini msiondoke. Mezani kuna vikombe vya namna mbili, kahawa ya vilima viwili, imekaangwa siku moja na mtu mmoja. Majina ya vilima yameandikwa chini ya kikombe. Onjeni kwanza, kisha mgeuze.