Bolti ya bushi haikazwi tairi likining'inia

Haya, kaeni tuanze. Nimepewa orodha ya vyanzo tisa vya kelele kwenye gari lililofungwa springi fupi ili likae chini. Sidhani kama tutafika cha nne. Kuna wenzangu humu ndani wanaojua nitakachosema kabla sijafungua mdomo, na hao wavumilie, kwa sababu bado naletewa magari yanayolia kwa kosa lilelile.

Mtu amenunua springi, amefunga mwenyewe au amefungiwa. Gari limekaa chini, limependeza, limepigwa picha. Siku ya tatu anavuka tuta polepole, anasikia kule chini panalia kama kitanda cha chuma kilichochoka. Neno lake la kwanza: springi ni feki. Jamani, springi ni chuma kilichosokotwa. Chuma hakilii kikiwa peke yake, hulia kikisuguana na kitu. Basi tafuta hicho kitu kabla hujaanza kugombana na aliyekuuzia.

Mimi naanzia kwenye bushi, kile kiungo cha mpira mkono unapofungwa kwenye fremu ya gari. Zile za mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, mnazijua: chuma cha ndani, mpira katikati, chuma cha nje, na mpira umegandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Ukikaza bolti, chuma cha ndani kinabanwa na fremu, hakizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza pale. Mpira wenyewe ndio unaojipinda na kurudi.

Sasa fundi kaliinua gari, matairi yananing'inia, mikono yote imeelekea chini. Anakaza bolti palepale, tena kwa nguvu zake zote. Mpira umefungwa ukiamini kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Gari likishuka, mikono inapanda, na mpira unapindwa hata kabla hujawasha injini. Ni kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo imekaza upande mmoja: ukimwambia ageuke zaidi upande huohuo, atalia tu. Kila tuta linamgeuza zaidi. Leo ni mlio, baadaye mpira unachanika.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi sikugusa bolti za mikono, nilitoa shokapu tu." Vizuri. Springi zako zimelishusha gari milimita 30, lakini bushi bado zimekazwa kwa kimo cha kiwandani. Hukukaza vibaya, ila hukulegeza, na kwa mpira hilo ni jambo lilelile.

Kijana mmoja alinijia na bahasha ya risiti. Gereji alikotoka walishambadilishia springi mara mbili na shokapu zote nne mara moja, na kelele ilikuwa palepale, haikuhama hata kidogo. Nikamwambia apandishe gari kwenye rampu, jukwaa la kuendeshea gari juu, tairi zote zikiwa zimebeba uzito. Nikaingia chini na spana moja. Bolti ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilipolegea, gari likatoa "tko!" na kushuka kidogo upande ule. Kijana akaruka nyuma, akadhani nimemvunjia gari. Nikamwambia asukume mbele, arudishe nyuma, mara tatu. Nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Redioni taarifa ya habari ilikuwa haijafika kwenye michezo. Bushi moja ilikuwa imeshachanika, ikabidi ibadilishwe baadaye, na hiyo ndiyo sehemu pekee iliyostahili kununuliwa tangu mwanzo. Nilimrudishia bahasha yake. Sikuwa na la kumwambia.

Mtanijibu kwamba springi zitatulia zenyewe. Springi mpya hushuka milimita chache, ndiyo. Kelele haishuki nayo. Wengine mtasema gari likiwa chini hamwezi kuingia. Hamna rampu wala shimo? Pimeni gari likiwa sakafuni, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, mwandike. Halafu liinueni, liwekeni kwenye stendi, mpandishe mkono kwa jeki mpaka kipimo kilekile kirudi, ndipo mkaze. Nimesema stendi. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake asinisubiri kwenye swali la bushi, ana swali kubwa zaidi.

Na yule anayepulizia oili! Oili ya injini inaula mpira, unanunua ukimya wa wiki moja. Pulizia maji. Mlio ukinyamaza au ukibadilika, umempata mwenye kelele, na maji hayakumdhuru.

Haya, tupande juu. Gari limesimama, unazungusha usukani, unasikia "twang" kama waya uliovutwa ukaachiwa. Hapo usihangaike na bushi. Mwenzako azungushe usukani, wewe weka kiganja ubavuni mwa springi, vidole visiingie katikati ya mizunguko. Ukiihisi inakwama kisha inaruka, beringi ya mauntingi ya juu, pale springi na shokapu zinaposhikwa na bodi, imekufa, au imefungwa juu chini, au ncha ya springi haikukaa kwenye kingo yake. Na ule mpira wa kitako cha springi uliobaki kwenye boksi la takataka, karudisheni. Haukuwekwa kiwandani kwa urembo.

Nati ya juu ya shokapu: mashine ya upepo inazungusha fimbo nzima ya shokapu, unadhani imekaza kumbe bado, na gari linagonga kila shimo. Shika fimbo, kaza nati kwa mkono. Nimemaliza hilo.

Linki za stabilaiza, vile vijiti vinavyoshika chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona. Kugonga kwa harakaharaka kwenye barabara ya vishimo vidogo, mara nyingi ni hizo. Fungua za pande zote mbili, zifunge kwa waya zisipige kitu, endesha taratibu. Kimya? Basi usitafute kwingine. Kishindo kimoja kizito kwenye shimo kubwa ni mpira wa kizuizi kwenye fimbo ya shokapu. Springi nyingine huja na maelekezo ya kuukata kiasi fulani. Kata kiasi hicho, usiutupe. Na springi ikicheza ovyo gari likiwa limeinuliwa, maana yake ni fupi kuliko urefu wa shokapu ikinyooka, hiyo ni... naonyeshwa saa.

Mizunguko ya springi inayogusana sikuigusa, wala alaimenti, yaani kunyoosha matairi, ila alaimenti fanyeni baada ya kukaza bushi, siyo kabla, msije mkalipa mara mbili. Maswali tutayamalizia nje. Kuna gari limeegeshwa pale mlangoni, limeingia hapa likilia kuliko mimi, na mwenyewe namwona mstari wa nyuma anajifanya anaandika. Ndugu yangu, lete funguo. Na spana namba kumi na saba, kama kuna aliyenayo.