Kufuli Lililomo Ndani ya Bua

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, nawashukuru kwa kuja.

Naomba nianze na muwa. Anayetafuna muwa hufyonza utamu, kisha hutema makapi makavu akiamini kwamba sukari imekwisha. Haijaisha. Sehemu kubwa ya makapi yale ni selulosi, nayo selulosi ni glukosi tupu iliyoungana katika minyororo mirefu, ila matumbo yetu hayawezi kuimeng'enya, na hata hamira inayogeuza sukari kuwa pombe haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Viwanda vya sukari huyachoma makapi hayo kwenye boila ili kupata mvuke na umeme, jambo ambalo si baya hata kidogo, lakini anayetafuta ethanoli, yaani pombe ya kuendeshea magari, huona hapo sukari nyingi ikiteketea.

Kinachomzuia asiipate ni lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha kuta za seli na kuufanya mti uwe mti. Kiwandani inabidi ilegezwe kwanza kwa joto kali, asidi au alkali, ndipo vitiwe vimeng'enya vya kuikata selulosi, na gharama yake si ya mchezo. Kwa hiyo swali kubwa la wahandisi jeni katika nishati mimea limekuwa hili: je, kufuli hilo linaweza kulegezwa mmea ukiwa bado shambani?

Dalili kwamba linawezekana ilikuwepo zamani. Mwaka 1924, huko Minnesota nchini Marekani, yalionekana mahindi ambayo uti wa kati wa majani yake ulikuwa wa kahawia. Mahindi ya namna hiyo yana lignini pungufu, na ng'ombe huyameng'enya kwa urahisi zaidi. Chanzo chake ni hitilafu ya jeni moja tu. Karibu karne moja baadaye, watafiti wa Oklahoma walifanya kwa makusudi kile ambacho mahindi yale yalikipata kwa bahati: walipunguza nguvu ya jeni iitwayo COMT, mojawapo ya jeni za kutengenezea lignini, katika Panicum virgatum, nyasi ndefu ya mbuga za Marekani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha ethanoli ikiongezeka kwa hadi asilimia 38.

Mtauliza kwa nini basi tusiiondoe lignini yote. Ni kwa sababu hiyo hiyo lignini ndiyo inayokaza mirija ya maji. Maji hupanda mmea kwa kuvutwa kutoka juu, majanini, na mrija usio na lignini ya kutosha hubonyea kwa ndani, kama mrija wa karatasi uliolowa unapofyonza soda iliyobaki chini ya chupa. Mmea wenye mirija ya namna hiyo hudumaa. Mipopla, miti ya nchi za baridi, iliyopandwa shambani Ubelgiji baada ya kupunguziwa nguvu ya CCR, jeni nyingine ya kutengenezea lignini, na ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2014, ilifanya mbao zenye mabaka mekundu, na sampuli bora zikatoa ethanoli zaidi kwa hadi asilimia 161. Lakini miti iliyopunguziwa sana jeni hiyo ndiyo iliyokua kwa shida. Binafsi sioni sababu ya kuishangilia takwimu hiyo, kwa kuwa mkulima havuni sampuli, huvuna shamba.

Njia mbili za kukwepa mtego huo zimenivutia. Ya kwanza ilionyeshwa California mwaka 2013 katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis: jeni muhimu ya kutengenezea lignini ilifungiwa swichi inayowaka ndani ya mirija ya maji tu, hivyo mirija ikabaki imara huku nyuzi zinazoizunguka zikiwa na lignini kidogo.

Ya pili naipenda zaidi. Mwaka 2014, watafiti wa Kanada na Marekani waliutia mpopla jeni kutoka Angelica sinensis, mmea wa dawa za Kichina. Lengo lao halikuwa kupunguza lignini, bali kuingiza katika minyororo yake viungo dhaifu vya aina ya esta. Aliyewahi kupika sabuni nyumbani anavijua viungo hivyo hata kama hajawahi kusikia jina lake, kwani ndivyo vinavyokatika mafuta ya nazi yanapokutana na kostiki soda. Mti husimama kama kawaida, ila ukifika kiwandani lignini yake hukatika kwa alkali na joto dogo kuliko la kawaida.

Mwaka 2016 ikaonekana kwamba mimea mingi itoayo maua, baadhi ya nafaka zikiwemo, tayari huchanganya kiasi fulani cha viungo hivyo katika lignini yake bila mkono wa mtu. Maana yake ni kwamba mtafiti wa mbegu anaweza kupima aina alizonazo ghalani, akachagua zile zenye viungo hivyo kwa wingi na kuzichavusha kwa njia ya kawaida, bila kuhamisha jeni yoyote kutoka China.